Watakatifu wa sokoni: je, Mkristo wa kawaida anaweza kuwa mtakatifu angali hai?

MamaNafaka (Kisumu), mwanzisha uzi

Bwana asifiwe, wandugu.

Kuna neno ambalo nimechoka kulisikia hapa mjini. Ukimwambia mtu kwamba alichofanya si haki, anakujibu, "Hakuna mtakatifu hapa duniani." Fundi aliyekula malipo ya kwanza akapotea hulisema. Mwekahazina wa chama ambaye vitabu vyake havilingani hulisema. Hivi karibuni nimelisikia kwa mzee wa kanisa, tena kwenye kikao cha kusuluhisha jambo la shamba la mjane. Likishatamkwa, mazungumzo yamekwisha, kwa sababu sote tumeshakubali kwamba watakatifu ni wale wa kwenye picha na majina ya makanisa, na sisi wengine hatudaiwi kitu.

Mimi sikubali, na naomba tulijadili kwa Maandiko na kwa maisha yetu ya huku, bila kurushiana madhehebu.

Paulo alipowaandikia watakatifu hakuwa anawaandikia wafu. Warumi 1:7, Waefeso 1:1, Wafilipi 1:1: ni barua kwa watu wenye nyumba, madeni, wake na waume. Na someni hao Wakorintho. Sura ya kwanza anawaita watakatifu. Sura ya 5 kuna mtu anaishi na mke wa baba yake na kanisa limenyamaza. Sura ya 6 wanashtakiana mahakamani. Sura ya 11 wamekusanyika kwa chakula cha Bwana na mmoja ana njaa, mwenzake amelewa. Lakini hakurudi nyuma kufuta lile jina alilowapa mwanzoni. Anawakemea kwa ukali kwa sababu ni watakatifu.

Halafu Matendo 9. Petro anateremka kwa watakatifu waliokaa Lida, kutoka hapo anaitwa Yafa kwa ajili ya Dorkasi aliyefariki. Wajane wamemzunguka wanalia, wanamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa nao. Luka hatuambii Dorkasi aliamka saa ngapi kuomba. Ushahidi uliotolewa mbele ya mtume ulikuwa nguo walizovaa wale kina mama.

Lakini sura iliyonishika mimi, ambayo nimekuwa nikiisoma na kuirudia, ni Mambo ya Walawi 19. Inaanza kwa Mungu kumwagiza Musa aseme na mkutano wote wa Israeli, si makuhani peke yao: muwe watakatifu, kwa kuwa mimi Bwana Mungu wenu ni mtakatifu. Ukisikia mwanzo kama huo unatarajia habari za uvumba na madhabahu. Kuna kidogo za sadaka, kisha hotuba inaelekea shambani: usivune hadi pembeni, mwachie maskini na mgeni. Ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi. Usimlaani kiziwi. Usimwekee kipofu kitu cha kumkwaza. Usizunguke ukichonga maneno ya watu. Simama mbele ya mwenye mvi. Na karibu na mwisho, mstari wa 35 na 36, mizani ya haki, mawe ya haki, kipimo cha haki.

Nilipofika hapo kwenye kipimo niliweka Biblia chini. Mimi nauza nafaka soko la Kibuye. Kazi yangu yote ni kipimo.

Ninyi mnaonunua mahindi na maharagwe kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia, mnajua mchezo wake. Mkebe hugongwa kwa chini ili sakafu yake ipande juu, na macho ya mnunuzi yako kwenye kile kichuguu cha juu kinachomwagika, anaona amependelewa. Wengine wana mikebe miwili, mkubwa wa kununulia kwa mkulima na mdogo wa kuuzia. Kumbukumbu la Torati 25 imelitaja hilo waziwazi, mawe mawili katika mfuko mmoja, kubwa na dogo. Miaka elfu kadhaa imepita na mfuko ni ule ule.

Sasa tazameni watu waliotajwa katika sura hiyo ya 19. Kiziwi hasikii laana yako. Kipofu haoni ulichomwekea njiani. Mnunuzi haoni chini ya mkebe. Kibarua anajua amedhulumiwa, lakini atafanya nini, na kesho anahitaji umwite tena? Mgeni hana ndugu wa kumsemea. Karibu wote ni watu ambao hawawezi kujua ulichowatenda, au wakijua hawana la kukufanya. Ndiyo maana kwa kiziwi na kipofu imeongezwa, mche Mungu wako. Hakuna mwingine wa kumcha hapo.

Kwa hiyo ninavyoelewa mimi, utakatifu wa kila siku uko palepale ambapo mwenzako hawezi kukukagua. Wanaobeba magunia yangu hulipwa kwa gunia, na pesa hiyo ndiyo unga wa jioni nyumbani kwao. Nikimwambia mmoja wao "njoo kesho" kwa sababu tu sitaki kuvunja noti kubwa, nimevunja amri ya utakatifu, hata kama usiku huo nakesha kanisani.

Nisaidieni. Nimeelewa sawa au nimeivuta sura kwangu kwa sababu ya biashara yangu?

Rafiki_wa_Vihiga

Mama, umeelewa sawa kabisa.

Mimi ni wa kanisa la Marafiki (Quaker), lile lililoanza kwetu Kaimosi mwaka 1902. Sisi hatuna orodha ya watakatifu wala sikukuu zao, na watoto wetu wakati mwingine hudhani kwamba basi jambo la utakatifu halituhusu. Huwa nawasimulia habari za Marafiki wa kwanza kule Uingereza, karne ya 17. Walikataa kuapa mahakamani, kwa kuwa Yesu alisema ndiyo yenu iwe ndiyo. Mtu anayeapa ili aaminiwe amekiri kwamba siku nyingine husema vinginevyo. Wengi walifungwa kwa ajili hiyo.

Na neno hilo hilo walilipeleka dukani. Desturi ya wakati ule ilikuwa kutaja bei ya juu ukijua utateremka. Wao waliona ni uongo, wakawa wanataja bei moja kwa kila mtu. Mwanzoni walikimbiwa na wateja. Baadaye watu wakatambua kwamba unaweza hata kumtuma mtoto kwenye duka la Rafiki na atarudi na bidhaa sawasawa na ambavyo ungenunua mwenyewe.

Hapo nina swali kwako. Sokoni kwetu kupatana bei ni sehemu ya salamu. Mbale, Chavakali, Luanda, ukitaja bei moja ukakaa nayo utaonekana una kiburi. Unafanyaje?

MamaNafaka

Ndugu, napatana bei na mtu mzima anayejua kupatana, na sioni dhambi, sote wawili tunajua tunachofanya. Mtoto akitumwa na pesa mkononi simpi bei ya kuanzia, nampa ile ambayo mama yake angefikia. Hilo la mtoto kutumwa dukani sikuwa nimelisikia kamwe. Nimeliandika pembeni mwa Biblia yangu.

Katekista_Bungoma

Tumsifu Yesu Kristo.

Mama amesema vizuri, ila niwaombe msiwaonee wale wa kwenye picha. Wakatoliki tunapomtangaza mtu kuwa mtakatifu hatusemi kwamba utakatifu umeishia kwake. Mtaguso wa pili wa Vatikano mwaka 1964 ulifundisha waziwazi kwamba Wakristo wote, wa hali yoyote na kazi yoyote, wameitwa kwenye utakatifu. Na tarehe 1 Novemba tunawaadhimisha Watakatifu Wote, maana yake pamoja na wale ambao hakuna anayewajua kwa jina. Bibi yangu aliyekuwa akifagia kanisa bila kuombwa, mimi namkumbuka siku hiyo.

Kanisa huchunguza kwa uangalifu kabla ya kumtaja mtu. Kwa kawaida hungojwa miaka mitano baada ya kifo ndipo kesi ifunguliwe. Kisha kuna Mtumishi wa Mungu, kuna kutambuliwa kwamba aliishi fadhila kwa kiwango cha juu, kuna Mwenyeheri, kisha Mtakatifu. Hapa Kenya Sista Irene Stefani, ambaye watu wa Nyeri walimwita Nyaatha, alitangazwa Mwenyeheri tarehe 23 Mei 2015. Alikufa mwaka 1930 kwa tauni baada ya kumhudumia mgonjwa wa tauni.

Na kwetu Bungoma tunaye Kardinali Maurice Otunga, Mtumishi wa Mungu. Alizaliwa Chebukwa mwaka 1923, mtoto wa Chifu Sudi. Uchifu ulikuwa mlangoni kwake, akachagua upadre. Mwaka 1973 akawa Mkenya wa kwanza kuwa kardinali. Lakini linalonigusa mimi ni alivyomaliza. Alipostaafu alikwenda kuishi Nyumba ya Wazee, Nairobi, kwa masista wanaowatunza wazee wasio na mtu. Mwana wa chifu, kardinali, anakula meza moja na wazee ambao jamaa zao waliwasahau. Alifariki Septemba 2003. Mama, katika sura yako ya 19 kuna kusimama mbele ya mwenye mvi. Mzee huyu alikwenda kukaa nao.

Mwinjilisti_Nakuru

Wapendwa, nasoma kwa furaha lakini pia kwa wasiwasi, na nitasema wazi.

Tunaelekea kuufanya utakatifu kuwa uaminifu wa biashara tu. Jirani yangu hapa Bondeni ni Mwislamu, anauza mchele, kipimo chake ni kamili kuliko cha Wakristo wengi. Kuna na wasioamini chochote ambao hawamdhulumu mtu. Je, hao nao ni watakatifu kwa maana ya Paulo? Paulo anawaandikia waliotakaswa katika Kristo Yesu. Waefeso 2 inasema tumeokolewa kwa neema, kwa njia ya imani, wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu. Nikianza kuhesabu gorogoro zangu zilizo sawa nitafika mahali pa yule Farisayo wa Luka 18 aliyekuwa akimkumbusha Mungu zaka zake.

Naogopa pia kwa ajili ya walioanguka. Mwizi wa jana akisoma uzi huu atasema, basi mimi sina nafasi.

MamaNafaka

Mwinjilisti, asante kwa kusema bila kuzunguka. Neema ndipo ninapoanzia pia. Ndiyo maana nilianza na Wakorintho kabla ya Walawi. Waliitwa watakatifu wakiwa bado katikati ya uchafu wao. Kwetu mtoto huzaliwa akapewa jina la babu yake, na hajui hata kushika kijiko. Hakulipata kwa kustahili. Lakini akikua akaanza kuiba kuku wa watu, wazee watamwita na kumuuliza, unajua umebeba jina la nani?

Waefeso 2 usiishie mstari wa 9. Wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema, ambayo Mungu aliyatayarisha tangu awali tuenende nayo. Mimi nasema baadhi ya matendo hayo yalitayarishwa Kibuye.

Kuhusu jirani yako wa mchele, sina mamlaka ya kumpa wala kumnyima jina. Ninachojua ni kwamba kipimo chake kamili kinapaswa kutuumiza sisi tulioimba Jumapili.

Karani_wa_Kaunti

Niruhusiwe kuingiza ofisi katika uzi huu, maana sokoni mmefika.

Wafilipi 4:22 Paulo anafikisha salamu za watakatifu wote, hasa wale wa nyumba ya Kaisari. Nimefanya kazi serikalini muda mrefu na mstari huo ndio umenibakiza. Kwa mapokeo Kaisari wa wakati ule ni Nero. Ndani ya ikulu ya mtu kama huyo, kati ya watumwa, wapishi na makarani wake, kulikuwa na watakatifu, na Paulo hawaambii watoke. Anapeleka salamu zao tu.

Kazini kwangu mtu mwenye mamlaka juu ya mwananchi ni yule aliyeshika faili. Mwananchi ametoka mbali, amelala kwa jamaa, amefika asubuhi, na faili iko kwenye droo yangu. Ninaweza kusema "haijapatikana, rudi wiki ijayo", naye hana njia ya kujua kwamba iko umbali wa mkono wangu. Mama ameandika kwamba utakatifu uko pale ambapo mwenzako hawezi kukukagua, nami nimeisoma sentensi hiyo nikiwa nimekaa mbele ya droo hiyo.

Niongeze jambo ambalo halisemwi makanisani. Kuwa hivyo ofisini kuna gharama. Utaachwa nje ya safari, utahamishwa, utaambiwa unajifanya. Sisemi ili nihurumiwe. Nasema ili vijana wanaoingia kazini wajue kabla.

Katekista_Bungoma

Karani, ndugu yangu, umenikumbusha Yosefu Mukasa Balikuddembe, na naomba mnivumilie kidogo kwa sababu historia hii inapita mlangoni kwetu.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington, Mwanglikana, alikuwa safarini kwenda Buganda. Alipita Kwa Sundu, ndiyo Mumias ya leo, akaendelea hadi Busoga. Huko aliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, mwishoni mwa Oktoba. Mukasa alikuwa msimamizi katika ikulu ya Mwanga, Mkatoliki, mtu wa karibu kabisa na mfalme. Kazi yake ilikuwa salama. Hannington hakuwa wa kabila lake, hakuwa wa nchi yake wala wa kanisa lake, na wakati ule Wakatoliki na Waanglikana pale walikuwa wakitazamana kama wapinzani. Mukasa akamwendea Kabaka, akamkemea kwa kumuua mtu huyo. Tarehe 15 Novemba 1885 naye akauawa.

Wenzake wa ikulu waliuawa mwaka uliofuata, wengi wao Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886, Karoli Lwanga akiwa kiongozi wao, pamoja na kijana mdogo Kizito. Wakatoliki 22 walitangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na Waanglikana nao wana mashahidi wao waliokufa katika mateso hayo hayo. Kila mwaka watu wanatembea kwa miguu kutoka huku kwetu kupita Malaba na Busia kwenda Namugongo. Watu hao wanaotembea, wengi wanafikiri wanakwenda kwa mashujaa wa kutisha. Wengi wa mashahidi hao walikuwa vijana wa kazi katika nyumba ya mfalme. Walifagia, walibeba, walitumwa.

Rafiki_wa_Vihiga

Kwamba alikufa akimtetea askofu wa kanisa lingine, hilo sikulijua. Nitalisema kwenye ibada.

Mkulima_wa_Molo

Mmemtaja muuzaji. Na sisi wakulima wa viazi tutajwe, tena kwa upande wa waliodhulumiwa. Huku Molo na Elburgon gunia lilikuwa likifungwa wavu juu mpaka linavaa kilemba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja kwa mzigo wa gunia na nusu. Kanuni za mwaka 2019 zilisema kilo 50 tu. Bado utamkuta dalali anakuja na gunia refu, na shingoni ana rozari au kwenye gari ameandika mstari wa Biblia. Mkulima atakubali kwa sababu viazi vinaoza.

Lakini nasi tuulizwe. Kuna wanaopanga viazi vizuri juu na mawe au vibovu katikati. Sura ya 19 inatupata pande zote.

Aliyewahi_kuwa_mfanyakazi_wa_nyumbani

Sijawahi kuchangia humu. Nimesoma kuanzia juu na nimelia kidogo.

Nilifanya kazi ya nyumba nikiwa msichana mdogo, mjini, katika nyumba ya watu wa maombi. Maombi ya saa tisa usiku yalikuwa kila siku, na mimi niliamshwa nipike chai ya waombaji. Mshahara ulikuwa "tutakupa mwisho wa mwezi pamoja na ule mwingine." Miezi ikapangana. Nilipougua malaria niliambiwa nikemee hiyo roho. Sitaji ni nani wala ni kanisa gani, na nimewasamehe, kwa kweli nimewasamehe.

Ninachotaka kuandika ni kuhusu mama aliyekuwa jirani yao, ambaye hata hakuwa akienda kanisani mara nyingi kwa sababu ya kazi ya zamu. Aliniona nikianika nguo nikitetemeka. Alinipeleka zahanati, akalipa, akanirudisha, akawaambia wenye nyumba kwa adabu kabisa kwamba mtoto huyu ana wazazi. Kesho yake nililipwa mwezi mmoja.

Mimi leo nina mfanyakazi. Analipwa tarehe ile ile tuliyokubaliana, na Jumapili ni yake. Nikifikiria mtakatifu sioni madhabahu, namwona yule mama na mkoba wake wa kazini.

MamaNafaka

Dada yangu, asante kwa kuandika. Wengine wote tulikuwa tukizungumza kama wenye mikebe. Wewe umezungumza kama mnunuzi. Mungu akutunze.

Mkaaji_wa_Nakuru

Nitakuwa mfupi kwa sababu jambo hili bado ni zito kwetu.

Januari 2008 vurugu za baada ya uchaguzi zilipofika Nakuru tulikuwa kabila lisilotakiwa katika mtaa wetu. Jirani yetu, wa kabila lililokuwa likituwinda, alituficha chumbani kwa watoto wake, akaketi mlangoni. Vijana walimjua. Wengine walikuwa wa kanisa lake. Walimuuliza kama tumo na hakuwajibu, alisema tu kwamba nyumba hiyo ni yake na hawataingia.

Walawi 19:16 inasema usisimame juu ya damu ya jirani yako, na mstari wa 34 unasema mgeni akaaye nawe mpende kama nafsi yako. Mzee yule sidhani alikuwa na mistari hiyo kichwani usiku ule. Baada ya hapo hakutaka tulitaje kanisani. Alisema tukilitaja vijana wale watakuwa na aibu na hawatarudi ibadani.

Dada_wa_Njoro

Mkaaji, pole sana. Na mshukuruni Mungu kwa huyo mzee.

Mimi nilitaka kumtaja mtu aliye hai, na baada ya alichosema Katekista kuhusu kungoja naogopa kidogo. Lakini Bruda Peter Tabichi, Mfransisko, alikuwa akifundisha sayansi shule ya kutwa ya Keriko hapa Njoro, kijijini Pwani, shule ya watoto wa maskini, kompyuta moja tu. Alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kusaidia wasiojiweza. Machi 2019 akapewa Dubai ile tuzo ya mwalimu bora duniani, dola milioni moja. Watu wengi wanakumbuka hiyo milioni. Mimi naikumbuka ile asilimia 80, kwa sababu alikuwa akiitoa kabla kamera yoyote haijafika Njoro.

Katekista_Bungoma

Dada, mtaje tu kwa shukrani. Kutaja wema si kumtangaza mtu. Tuwaombee walio hai wadumu, maana bado wako njiani kama sisi.

Mwinjilisti_Nakuru

Nimerudi. Jibu la Mama kuhusu mstari wa 10 nalipokea. Lakini swali langu la aliyeanguka halijajibiwa, na nalijibu mwenyewe, kwa sababu ndilo ninalokutana nalo kila wiki.

Walawi 6 inamwambia aliyedhulumu arudishe alichochukua kamili, aongeze sehemu ya tano, ampe mwenyewe siku ile ile anapotoa sadaka yake ya hatia. Wakristo wetu wanapenda kuja madhabahuni kulia. Ukimwambia, sasa nenda ukamlipe yule mtu, machozi yanakauka. Zakayo hakuambiwa. Alisimama mwenyewe, nusu ya mali kwa maskini, na aliyemdhulumu mara nne. Ndipo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumbani humu.

Kwa hiyo mwizi wa jana ana nafasi. Aende na pesa mkononi. Na asiyeweza kumpata aliyemdhulumu, tuseme wanunuzi wa miaka mingi ambao hawajui walipo, awape maskini wa mahali pale pale alipowaibia. Hilo la mwisho ni shauri langu tu, halijaandikwa.

Muuza_Omena_Dunga

Shikamooni wazee wangu. Mama Nafaka, mimi ni kijana, nauza omena, dagaa wa ziwani, kwa mkebe, niko ziwani Dunga na siku za Jumapili napanda Kibuye. Nina swali la kweli na nahitaji jibu kabla ya Jumapili.

Mwenzangu wa meza ya pili, dada ninayemheshimu, ndiye aliyenifundisha biashara, amegonga mkebe wake. Mimi wangu ni mzima. Bei yetu ni moja. Wateja wanaona kichuguu chake kimejaa zaidi, wanakwenda kwake. Nikisema kwa sauti naharibu jina lake. Nikinyamaza naumia, na nimeanza kumchukia kila akinisalimu. Nifanyeje?

Mkulima_wa_Molo

Ripoti kwa wakaguzi wa vipimo. Mambo mengine ni ya sheria.

MamaNafaka

Mwanangu, marahaba.

Mzee wa Molo hajakosea, wakaguzi wapo na wana kazi yao. Lakini usianzie huko kwa mtu aliyekufundisha biashara. Sura ile ile, mstari wa 17: usimchukie ndugu yako moyoni mwako, usikose kumkemea jirani yako. Imeyaweka pamoja, kana kwamba ilikuona umekaa pale meza ya kwanza. Usipomwambia utaendelea kumchukia, na hiyo chuki ni dhambi yako wewe, mkebe wako ukiwa mzima.

Usiende Jumapili wateja wakiwepo. Nenda Jumamosi jioni, nyumbani kwake, peke yako, kama Mathayo 18 inavyosema. Mpelekee omena kidogo, usiende mikono mitupu kwa mwalimu wako. Usianze na Biblia. Mwambie, dada, wewe ndiye uliyenionyesha kazi hii, nami sitaki tuachane moyoni, kuna jambo la mkebe linanisumbua. Kisha nyamaza umsikilize. Inawezekana ana deni la karo, inawezekana ana mkopo wa chama unaomkaba. Hilo halifanyi mkebe kuwa sawa, lakini utajua unazungumza na nani. Akikasirika, rudi nyumbani, umsalimu kesho kama kawaida.

Upande wa biashara, wewe weka mizani ndogo ya kilo mezani pako. Mteja akiuliza kwa nini kichuguu chako ni kifupi, mwaga omena za mkebe wako kwenye mizani mbele yake asome mwenyewe. Usimtaje mtu. Kama huna mizani, pitia kwangu Jumapili mapema kabla watu hawajajaa, ninayo ya ziada, utanirudishia ukipata yako. Niko upande wa nafaka, uliza Mama wa maharagwe ya Nyayo, utaonyeshwa.